Saa Nane ya Bibi Mathilde

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nadia, binti yangu, ndiye aliyenipa daftari hili. Anasema tangu mama yake afariki ninaongea peke yangu jikoni, na kuta za nyumba zetu hapa Saint-Josse, Ubelgiji, ni nyembamba. "Andika, baba. Daftari halichoki." Haya, naandika.

Naitwa Djibril. Mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, miaka sitini na minne, bado miwili nipate pensheni. Zamani nilitengeneza friji. Siku hizi natafuta mivujo kwenye mashine ya kampuni ya Lumerac, huko Haren, katika ghala lililokuwa la mizigo. Watu wanashangaa fundi wa friji kaingiaje huko. Mbona ni kazi ile ile? Kote kuna pampu inayonyonya hewa, na kote kuna tundu usiloliona linalokuharibia siku.

Mashine inaitwa Mathilde, jina la nyanya wa mkurugenzi. Mimi namwita Bibi. Ni pete kubwa ya chuma, ndani tupu, bila hewa. Tunatia chembe ya hidrojeni, tunaipasha moto kupita jua lenyewe, ili viini viungane na kutoa joto, na joto liwe umeme. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mpaka leo Bibi anakula umeme tu. Hajatoa hata wa kuchemshia chai.

Rekodi yake ni sekunde mbili za moto. Tarehe 20 Novemba wenye fedha wanakuja kutazama, na wanataka tano. Zikifika tano, watatoa fedha za kujenga mashine kubwa. Zisipofika, sijui.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Hamza wa dukani, ninakonunua majani ya chai, kaniuliza swali lake la kila wiki: "Mzee, jiko lenu limewaka?" Nikajibu: "Bado."

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimwandike Régine, maana bila yeye hapa ghalani ningeshaota ukungu.

Ni mama wa miaka arobaini, kwao Bukavu. Aliletwa Ubelgiji na wazazi akiwa na miaka mitano. Kaja kwetu mwezi wa pili kwa mkataba wa wakala, wa kuongezwa mwezi hadi mwezi. Ana mikono mizuri. Anafunga boliti bila kelele. Tatizo lake ni mdomo: sentensi ya Kiswahili ikifika katikati, Kifaransa kinaipokea mzigo.

Sisi watu wa Buyenzi tuna kiburi cha Kiswahili, sikatai. Ndiyo maana tangu Juni tuna mchezo wetu, niliouanzisha mimi. Unaitwa kujikwaa. Tukiwa wawili ni Kiswahili tu, na atakayejikwaa kwa neno la Kifaransa ataosha vikombe.

"Papa, weye unanitesa," alisema leo. "Miye niko fatigué ya kuosha…"

"Vikombe," nikamwambia, nikamwonyesha bomba.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kuosha kikombe hata kimoja mahali hapa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mgomo wa nchi nzima. Mabasi hayapo. Nimelala.

Ijumaa, 17 Oktoba

Régine kaniambia habari ya mume wake. Anaitwa Bertin. Vita vilipoingia Bukavu alivuka kwenda Bujumbura, anakaa kwa watu, chumba kimoja familia mbili. Wameoana miaka mitatu, wamekaa pamoja majuma saba. Faili la kumleta liko ofisi ya wageni, na ofisi imesema inataka kuona mkataba wa kudumu kabla ya mwisho wa Novemba. Mkataba wa mwezi hadi mwezi hawautambui.

Bi Wauters, mhandisi wetu mkuu, amemwahidi mkataba huo. Barua itaandikwa mara tu Bibi atakapokuwa tayari kwa wageni.

"Kwa hiyo Bertin anaingojea Mathilde," nikasema.

"Ye hajue ata ni kintu gani. Nilimuelezea, akaniuliza: hiyo jua yenu, inapikaka?"

Jumatano, 22 Oktoba

Siku tano tumempasha Bibi joto kwa nyaya, digrii mia mbili, ili unyevu uliojificha kwenye kuta zake utoke. Ni kazi ya subira. Maji hung'ang'ania chuma kama mgeni asiyejua kuaga. Leo vipimo ni vizuri mno, nadhani sijawahi kumwona Bibi mkavu namna hii.

Joto litajizima lenyewe kesho alfajiri. Aachwe apoe, kisha aingiziwe nitrojeni taratibu, ili afunguliwe na kifaa kipya kifungwe. Kumtia gesi angali moto ni kumuua, kila fundi anajua hilo.

Kesho siko. Nina miadi ya macho hospitali, watatia dawa, nitakuwa kipofu mpaka jioni. Saa za kupoa zilibadilishwa leo hii, kwa hiyo nilimwelekeza Régine tukiwa tunavaa makoti. "Gesi iingie saa nane. Si kabla. Umesikia?"

"Saa nane," akarudia. "Nimesikia, papa. Nitafungua pole pole, nitaangalia kipimo, nitaandika."

"Umeona? Maneno yote hayo, na Kifaransa hata kimoja! Leo vikombe vimepona."

Alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Mimi nikakimbilia basi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika macho yakiwa bado yana ukungu wa dawa, mistari itanisamehe.

Nilitoka hospitali saa sita na nusu, nikawasha simu. Simu saba, zote za Régine. Ya kwanza ilipigwa 7:52 asubuhi. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti. Nikausikiliza pale pale mlangoni, watu wakinipita na miavuli.

"Papa, ni Régine. Kipimajoto inaonyesha cent quarante. Ni normal? Unajibu basi… Bon. Ulisema saa nane. Weye njo unajua. Nafungua."

Nikausikiliza mara ya pili. Saa nane. Ndipo nikaelewa, nikakaa kwenye ukingo wa maua ya hospitali.

Kwangu saa nane ni jua likishaanza kushuka, baada ya adhuhuri. Ndivyo ilivyo Buyenzi, ndivyo ilivyo popote Kiswahili kinaposemwa na mwenyewe: siku inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Lakini Régine kakulia hapa. Saa zake zote amezihesabu kwa Kifaransa tangu shule ya chekechea. Kila siku yeye huniambia "quatorze heures", kumi na nne yao, ambayo ni saa nane yetu ya mchana, na kila siku namwoshesha vikombe kwa neno hilo. Jana nilimpa saa nane, naye, maskini, akaenda kuitafuta nane kwenye saa ya ukutani, akaikuta. Saa mbili kamili ya asubuhi, ambayo kwao ni huit heures, nane, akafungua gesi kwa Bibi mwenye digrii mia na arobaini.

Nilikwenda Haren hivyo hivyo, nikipapasa. Vioo viwili vya kuchungulia vimepasuka. Rangi ya titani iliyopakwa ndani, kazi ya miezi minne, imekunywa gesi na kugeuka kijivu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Régine alikuwa ameketi juu ya kreti, glavu zingali mkononi. Aliponiona akasimama.

"Papa, nilikuita. Nilikuita mara mingi."

Nikamwambia: "Najua."

Sikusema kingine. Ningeweza kusema, tulikuwa wawili tu, nusu dakika hivi, kabla Bi Wauters hajatoka ofisini.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Walituita wawili. Bi Wauters, na bwana mmoja wa usalama aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta. Kilikuwa Kifaransa kitupu. Bi Wauters si mtu mbaya. Ana sauti ya chini na ana desturi ya kukuangalia mikono unapozungumza.

Akamuuliza Régine: "Nani alikuambia ufungue wakati ule?"

"Djibril, madame. Aliniambia huit heures."

Bi Wauters akageuka kwangu. "Djibril, ulimwambia huit heures?"

"Hapana, madame. Sikusema huit heures. Nilisema quatorze heures."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipojikwaa kweli kweli. Nimelipindua jibu lile usiku kucha na sioni neno la uongo ndani yake. Sikusema huit heures. Nilisema saa nane, na saa nane ni quatorze heures, mwulize mfasiri yeyote. Na bado ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema katika nchi hii, pamoja na ule niliowaambia wa hifadhi ya wakimbizi kuhusu tarehe yangu ya kuzaliwa.

Régine alinitazama. Akaangalia meza.

"Kuna maandishi?" akauliza yule wa usalama. "Sheria ni kwamba kila saa iandikwe ubaoni."

Hayakuwapo. Kuandika ubaoni ilikuwa kazi yangu. Nikasema nilikuwa na haraka ya basi, nikaomba radhi. Wakaandika: onyo kwa Djibril kwa kutoandika ubaoni. Kwa Régine wakaandika kwamba hakufuata maelekezo, na kwamba aliona kipimajoto na bado akafungua.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na sauti yake ndani yake. Niliishika kwa nje, juu ya kitambaa. Kama ningeiweka mezani, mambo yote yangekwisha kwa dakika moja.

Kwa nini sikuiweka? Niliogopa. Miaka miwili tu ya pensheni. Tena kuna jambo la aibu zaidi ya hilo: watu wote pale ghalani husema Djibril hakosei. Nililipenda neno hilo.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo Ubelgiji nzima imerudisha saa nyuma kwa saa moja. Mimi nilihitaji sita.

Jumatatu, 27 Oktoba

Régine hakuja. Wakala amearifiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa. Vikombe viwili viko pale pale kwenye bomba. Nimekunywa maji.

Kesho nitasema.

Jumatano, 29 Oktoba

Sikusema. Bi Wauters alikuwa na kikao siku nzima.

Jumatatu, 3 Novemba

Vioo vipya vimefika. Nimevifunga peke yangu, nikazungusha gesi ya heliamu kila mahali na kusikiliza kifaa changu cha kunusa mivujo. Heliamu hupita hata pale ambapo dhamiri haipiti. Kifaa kimekaa kimya. Bibi amezibika, ila ile rangi ya ndani haina dawa, hakuna muda wa kuipaka upya.

Nimefikiri hivi: nikisema sasa, kabla ya wageni, watachanganyikiwa. Ngoja wageni wapite. Tarehe 20 si mbali, na Novemba itakuwa bado haijaisha. Nitasema tarehe 21 asubuhi, Régine atarudishwa, mkataba utaandikwa, faili litapona. Nimehesabu siku na zinatosha.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilipita barabara ya Chaussée de Wavre kumtafutia Nadia kitenge. Mbele ya duka la kutuma pesa nikamwona Régine kwenye foleni. Yeye hakuniona. Alikuwa na koti la kazini, lile la bluu, ila nembo ya Lumerac kaibandua na nyuzi zimebaki. Nilipaswa kwenda. Nikaingia duka la samaki wakavu, nikajifanya nachagua, nikatoka na kilo nzima ya samaki nisiowala.

"Jiko lenu limewaka?" kauliza Hamza jioni.

"Bado."

"Nimesikia Wamarekani wamewatangulia. Na Wajerumani."

Kila mmoja anasema amemtangulia mwenzake, nikamwambia. Kuna makampuni mengi sasa, yenye fedha za kutisha, na kila moja lina mwaka wake linaloutaja. Wengine husema miaka mitano, wengine kumi. Naamini ipo siku mmoja atafika. Zamani niliamini ni sisi.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu. Giza saa kumi na moja jioni. Dada yangu Mwanakombo kapiga kutoka Bujumbura, akiwa gizani naye, umeme umekatika siku ya tatu. "Huo umeme wenu wa jua utafika huku lini?" Nikamwambia aombe dua. Akasema dua ameshaomba, sasa anauliza fundi.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumejaribu. Sekunde moja na robo, kisha uchafu ukatoka kutani, moto ukazimika. Bi Wauters akasema: "Ni kuta." Hakuniangalia.

Jumatatu, 17 Novemba

Moja na nusu.

Alhamisi, 20 Novemba

Wenye fedha walikuwa tisa. Walivaa kofia ngumu nyeupe, na mmoja akauliza kama atapigwa na mionzi akisimama karibu. Mkurugenzi aliwaeleza kwa Kiingereza, akiwa na mikono inayoruka. Nilisimama kwenye pampu zangu.

Mara ya kwanza: sekunde moja na nukta mbili. Ya pili: moja na nukta sita. Kwenye skrini Bibi alionekana mzuri, waridi kwa pembeni, kisha kijivu. Ya tatu tulingoja dakika arobaini, na Bi Wauters alikuwa akiuma kalamu. Moja na nukta tisa. Hata mbili zetu za zamani hatukuzifikia.

Wageni walipiga makofi kwa adabu, ndipo nikajua imekwisha. Nimeishi hapa miaka mingi, nayajua makofi ya watu hawa.

Walipoondoka Bi Wauters alibaki ameegemea reli. Nikamsogelea. Nikaanza: "Madame, kuhusu ile Oktoba…"

"Si leo, Djibril," akasema. "Tafadhali."

Nikashukuru Mungu. Ndiyo, niliandika nitaandika bila kujipendelea: nilishukuru.

Ijumaa, 21 Novemba

Bi Wauters hayupo. Kesho ni Jumamosi. Jumatatu nitasema.

Jumanne, 25 Novemba

Mgomo tena, siku tatu. Nilitembea mpaka Haren kwa miguu, mwendo wa karibu saa mbili, kwenye mvua. Ghala lilikuwa limefungwa. Nikarudi.

Jumapili, 30 Novemba

Mwisho wa Novemba ni leo.

Nilikaa jikoni na simu mezani. Nadia alikuja na maandazi akanikuta nasikiliza ule ujumbe. Akauliza: "Nani huyo, baba?" Nikamsimulia yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Nadia ni muuguzi, hana mazoea ya kupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika maandazi.

"Mama angekuwepo," akasema, "ungemaliza siku tatu hujasema?"

Nisingemaliza moja. Marehemu alikuwa akinifungua kama kopo.

"Basi mimi nitakuambia kitu kimoja tu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyejikwaa ulimi, ulimi huo huo ndio unaomwinua. Hamna kiungo kingine."

Ijumaa, 5 Desemba

Mkurugenzi alitukusanya. Wenye fedha wamejitoa. Lumerac inafungwa. Pampu na sumaku zitauzwa kwa kampuni nyingine ya ng'ambo. Bibi mwenyewe atakatwa vipande, hakuna anayemtaka. Watu walilia. Mkurugenzi pia, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Alisema jua lile litawaka siku moja, na kwamba kila aliyekuwepo atakuwa na mkono wake ndani yake.

Nikafikiria mkono wangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimesema.

Bi Wauters alikuwa akitia vitabu kwenye maboksi. Nikaweka simu juu ya boksi na kumwekea ujumbe. Alielewa cent quarante na normal, basi. Nikamtafsiria yaliyobaki. Nikamweleza saa zetu: kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka, kwamba saa moja ni sept heures na saa nane ni quatorze. Nikamweleza na ule mchezo, na vikombe. Kwa Kifaransa ulisikika upuuzi, kitu ambacho watu wazima hawafanyi.

Alikaa kwenye kizingiti cha dirisha.

"Kwa hiyo alifanya hasa ulichomwambia."

"Alifanya alichosikia, madame. Na nilijua siku ile ile."

"Kwa nini unaniambia leo?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri, la dhamiri na Mungu. Likatoka lingine. "Kwa sababu leo huwezi tena kunifukuza."

Akatikisa kichwa, polepole. Akasema pengine sekunde tano tusingezifikia hata kwa kuta safi, hilo hakuna atakayelijua. "Lakini Régine ningemrudisha siku hiyo hiyo, Djibril. Tarehe ishirini na nne Oktoba. Ningempa na mkataba."

Alitoa kompyuta kwenye boksi akaandika barua: kwamba ripoti ilikosea, kwamba Régine hakuwa na kosa. Akaipiga chapa, akaitia saini. Mashine ya kuchapia ilikuwa na karatasi tatu za mwisho.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemwandikia Régine: nina barua yako, nina na jambo la kusema, ghala litakuwa wazi mpaka Ijumaa ya tarehe 19, uje pia kuchukua viatu vyako. Hajajibu.

Jumatatu, 15 Desemba

Mafundi wa kukata chuma wamekuja. Wameanza na miguu ya Bibi. Hamza hakuuliza leo. Kanipa majani ya chai tu, nadhani kasoma mahali kwamba tunafungwa.

Alhamisi, 18 Desemba

Régine kajibu. "Kesho. Saa nane."

Hakuna kingine. Nimeutazama ujumbe huo mpaka skrini ikazima. Saa nane ipi? Yake au yangu? Kidole kilikwenda kwenye herufi kumwuliza, nikakirudisha. Mtu niliyemfanyia vile, nimwulize leo maana ya saa nane?

Nitakwenda saa zote mbili.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilifika Haren saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, ambayo ni ile 7:50 yao. Nikakaa katika jiko letu dogo, barua juu ya meza, viatu vyake chini kwenye mfuko. Ikafika saa mbili, hakuja. Ghalani walikuwa wakikata. Kila baada ya muda kipande cha Bibi kilianguka, sakafu ikatetemeka. Nilichemsha maji mara nne kwa birika la umeme. Nilisali adhuhuri kwenye kona ya makoti.

Saa nane kamili, saa nane yangu, mlango ukafunguliwa.

Amekonda. Nywele kasuka fupi. Akasema "Papa, bonjour", akakaa bila kuvua koti. Nikammiminia chai, nikajimiminia na mimi. Nikampa barua. Akaisoma yote, akaikunja mara mbili.

"Ni barua muzuri," akasema. "Bon. Ofisi walijibu mardi ya juma ingine. Tarehe tisa. Walikatala. Bertin anaweza tuma faili mupya, lakini ni kuanza zéro, na mi sina kazi. Ye anasema pengine atarudia Bukavu tu."

Nikaanza kueleza, saa nane, saa zetu, chumba kile. Akanyanyua kiganja.

"Papa, niliijua. Siku ile ile. Uliposema quatorze heures mbele ya Madame, kitu ikanigonga hapa. Nikatoka, nikapigia maman simu mu basi: maman, saa nane ni heure gani? Akacheka, akasema, mutoto wangu, umekuwa muzungu kabisa? Kwetu nyumbani ni ye tu anasemaka vile. Sisi wengine ma-heures yote ni mu Français."

"Ulijua," nikasema. "Kwa nini hukurudi kuwaambia?"

Akazungusha kikombe. "Nani angeniamini? Na pia weye ni papa. Nilisema, papa ni muntu wa haki, leo ameogopa, kesho atasema. Nikangoja kesho. Kila asubui nilikuwa naangalia téléphone. Novembre yote, papa. Mi nilikungojea mwezi muzima."

Aliyasema bila hasira. Hasira ningeweza kuipokea, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nililia mbele yake, mtu mzima wa miaka sitini na minne, naye hakunizuia na hakunifariji. Alikunywa chai yake.

Nje kipande kingine kikaanguka. Alipomaliza akachukua viatu, akasimama. Kisha akatazama birika, na majani ya chai yaliyojaa kwenye chujio.

"Ulifika saa ngapi?"

"Huit heures," nikasema.

Neno lilitoka kwa Kifaransa, lenyewe, bila kuombwa. Tukatazamana. Hakucheka. Alikisukuma kikombe chake upande wangu wa meza, taratibu, kwa kidole kimoja, akatoka na mfuko wake.

Nikavichukua vikombe vyote viwili nikaenda bombani. Maji ya moto walikuwa wameshayakata. Nikaviosha kwa ya baridi.